Zizi Lisilo na Mlango

Katika zama ambazo jembe la chuma lilikuwa mahari ya binti, na shanga za pwani zilifika milimani zikiwa zimepitia mikono ya watu saba, kila mmoja akiongeza uongo wake kuhusu zilikotoka, nchi ndogo ya Ikombo ilitawaliwa na Mfumwa Sengondo. Mfumwa ndivyo watu wa milima ile walivyomwita mtawala wao. Sengondo alivaa joho la ngozi za pimbi zilizoshonwa pamoja, na bangili ya chuma kila mkono, wala hakuwa mtu wa kupayuka. Alitawala watu wapatao mia tatu, ng'ombe wengi kuliko watu, na mbuzi ambao hakuna aliyewahi kuwatawala.

Katikati ya nchi hiyo kilisimama kilima chenye kuta za mawe kileleni. Ni nani aliyezijenga, hapakuwa na ajuaye. Mababu walizikuta zimeota kuvu, nusu zimeanguka. Mtoto akiuliza, "Mawe yale ya nani?" aliambiwa, "Yana wenyewe," na kwa kurudiwarudiwa jibu hilo, wajenzi wale waliopotea wakapata jina: Wenyewe. Hakuna aliyechunga huko wala aliyekata kuni. Aliyepita karibu aliacha chembe ya tumbaku juu ya jiwe, kwa adabu tu, kama mtu anavyobisha hodi kwenye nyumba anayojua haina mtu.

Adabu hiyo ingedumu, lakini upande wa pili wa bonde alizaliwa Mrutu, naye akakua akawa Mfumwa wa Kirore. Mrutu aliitamani njia iliyopita chini ya kilima, ambayo wachuuzi wa chumvi na majembe walikuwa wakiifuata. Alikuwa na mikuki mia sita, ngao za ngozi ya nyati, na subira, nayo subira kwa adui ni silaha mbaya kuliko mshale wa sumu. Sengondo alipopata habari kwamba Kirore wanafua vichwa vya mikuki mchana kutwa, alimwita Semkunde, fundi wa mawe, akamwambia, "Kilima cha Wenyewe kitatufaa. Kifufue."

Semkunde alikuwa na mikono mipana na maneno mengi. Alipanda kilimani na vijana sitini, akaweka tumbaku, akaomba radhi, kisha akashika kazi kiangazi kizima. Alipomaliza, ukuta ulizunguka kilele chote, warefu wawili wangesimama mmoja juu ya bega la mwenzake wasichungulie ndani. Upande wa mbele, unaotazama bonde la Kirore, aliweka mawe mazuri kuliko yote: mawe bapa, yaliyochongwa na mikono ya kale, yakipangana bila nafasi ya kupenyeza ukucha. Mtu akipita na asiusifu ukuta, Semkunde alimwita arudi apite tena.

Mkewe, Nakiete, hakuuona ukijengwa. Alikuwa ng'ambo ya milima, kwa binti yao Kabonde aliyejifungua, na huko ndiko alikozaliwa Nakiete mwenyewe, katika ukoo wa wachimba mifereji. Kwao, mtu aliheshimiwa kwa kujua maji yanataka kwenda wapi. Kwa watu wa Ikombo, ambao mto wao ulipita bondeni na ng'ombe wao waliteremka kuunywa, ujuzi huo ulikuwa kama kumfundisha samaki kuogelea. Nakiete alirudi siku ile ile baragumu la vita lilipolia, akapanda kilimani pamoja na watu wote, kichwani mtungi wa maji, mkononi kata yake ya kibuyu asiyoiacha popote.

Mumewe alimpokea langoni, jasho linamtoka, uso umejaa furaha isiyofaa wakati wa vita.

"Mama Kabonde, umeuona?"

"Nimeuona, baba Kabonde."

"Unasemaje?"

"Ni mrefu."

"Mrefu tu? Basi?"

"Nipishe, mtungi mzito," alisema Nakiete, akapita.

Ng'ombe walipelekwa na wachungaji ng'ambo ya milima; watu walipanda na mbuzi wao na kila walichoweza. Maji walibeba kwa mitungi na vibuyu, kila nyumba kadiri yake. Hori la pombe la Mfumwa lilibebwa na watu ishirini. Hori hilo lilikuwa gogo moja la mvule lililochongwa ndani, urefu wake hatua nane, ambamo pombe ya miwa ilichachushwa siku za sherehe tangu enzi za babu yake Sengondo. Mlinzi wake, mzee mmoja aitwaye Kibacha, aliapa kwamba hatashuka wala kupanda bila hilo. Pombe yenyewe haikuwamo hata tone, lakini Kibacha alisema hori lina heshima hata likiwa kavu.

Mrutu alifika, akautazama ukuta kwa muda mrefu. Wapiganaji wake walitaka kushambulia. Aliwakataza.

"Ukuta haunywewi," alisema, akapiga kambi kando ya mto, akakaa.

Kesho yake akatuma mjumbe. Kwa desturi iliyoshikwa na Ikombo na Kirore sawasawa, mgeni huanza kupewa maji ya kunywa, hata awe mgeni wa shari. Sengondo alimwamuru Kibacha alete kibuyu. Mjumbe alikitazama, akameza mate, akakataa. Sababu ilijulikana na wote: aliyekunywa maji aliyopewa kwa mkono wa mtu, mkuki wake umefungwa kwa mtu huyo na jamaa zake mpaka mavuno yapite. Kuvunja mwiko huo kulikuwa aibu ambayo hata mama mzazi asingemfichia mwanawe.

"Kama hanywi, nitayanywa mimi yasiharibike," alisema Kibacha, akayanywa.

Mjumbe alitoa ujumbe wake. "Mfumwa Mrutu anasema: shukeni wenyewe kabla kiu haijawashusha. Mtakuwa watu wa Kirore. Mtalima mashamba ya Kirore, na jina la Ikombo halitatajwa tena."

"Mwambie nimemsikia," alijibu Sengondo.

Mjumbe alipoondoka, Mfumwa aliagiza mitungi yote ikusanywe mbele yake na kugawiwa kwa kipimo. Hesabu ilikuwa fupi na mbaya: maji ya siku saba, kwa kunywa tu, na mbuzi wangekunywa umande. Walitandaza mikeka na ngozi alfajiri ili ukungu uiloweshe, wakaikamua. Siku ya nne, midomo ya watoto ilianza kupasuka, na akina mama walianza kulitazama lango.

Asubuhi hiyo Nakiete alikuwa ameketi kivulini chini ya ukuta wa mbele, mgongo wake ukiegemea mawe baridi. Aliyapapasa.

"Mawe haya si kama yale ya nyuma," alimwambia mumewe. "Umeyatoa wapi?"

Semkunde, ambaye kiu na huzuni vilikuwa vimemlegeza, alifufuka kidogo. "Ah! Hayo nimeyatoa kwenye zizi la Wenyewe, pale ndani katikati. Zizi la duara, mama Kabonde, limepangwa hata kisu hakipiti. Nikasema, ng'ombe wa watu waliokufa hawana haja nayo. Tena tulitaabika, maana halikuwa na mlango. Ilibidi turuke kuingia."

Nakiete aligeuka polepole. "Halikuwa na nini?"

"Mlango."

"Zizi lisilo na mlango."

"Ndiyo."

"Basi ng'ombe wa Wenyewe walikuwa wakiruka kama chura, jioni wanarukia ndani, asubuhi wanarukia nje?"

Semkunde alikuna kidevu. Hakuwa amelifikiria hilo. Watu wa Ikombo, wakiona mawe ya duara, huona zizi; ndivyo macho yao yalivyolelewa. "Mambo ya kale hayo," alisema. "Nani ayajue?"

Nakiete alikwisha kusimama. Alikwenda mahali zizi lilipokuwa. Palikuwa pamebaki msingi tu, na ndani yake sakafu iliyofunikwa na majani yaliyooza. Alichimba kwa kidole. Chini ya majani palikuwa na udongo wa mfinyanzi, uliopondwa ukawa mgumu na laini kama kitako cha chungu. Upande wa chini, kwenye msingi, alikuta tundu la ukubwa wa ngumi, limezibwa kwa jiwe la duara. Alikaa chini palepale akaanza kucheka, na midomo yake iliyokauka ikatoa damu.

"Baba Kabonde," aliita, "njoo uone ng'ombe wa Wenyewe. Hii ni ndiva!"

Ndiva, kwao Nakiete, ni bwawa dogo la mawe na udongo: maji ya mfereji huingia taratibu yakajaa, kisha tundu hufunguliwa yakamwagilia mashamba. Na kama kuna ndiva, alisema, kuna mfereji uliokuja nayo. Wote walikuwa wameuona. Kilima kiliungana na mlima mkubwa nyuma yake kwa mgongo mwembamba wa mwamba, na kwenye mgongo huo kulikuwa na mtaro wa kale ambao kila mtu aliuita handaki la vita, ingawa kina chake kilifika magotini.

"Handaki la kumzuia nani?" aliuliza Nakiete. "Kuku?"

Aliomba maji, akayatia katika kata yake. Ndani ya kata hiyo ulichorwa mstari kwa kisu, ukizunguka pande zote. Aliyajaza mpaka kwenye mstari, akaitua kata katika mtaro juu ya jiwe lililonyooka, akainama kuona upande upi mstari umezama. Watu wenye kiu walisimama kumtazama mwanamke akichezea maji, na wengine walinung'unika wazi. Alipima mahali pa kwanza, pa pili, mpaka pa tisa. Kila mara mstari ulizama upande wa ngome. Alipomaliza, maji yale alimpa mwanamke aliyekuwa akinyonyesha, bila kumwaga hata tone.

Wakamwendea Mfumwa.

"Mto anaokunywa Mrutu," alisema Nakiete, "unazaliwa juu kule nyuma, kwenye jabali, ambako yeye hawezi kupanda kutoka bondeni. Wenyewe waliuchukua ungali mdogo, wakauleta hapa. Mfereji umejaa takataka tu. Nipe watu arobaini na siku tatu. Ukungu haunyanyuki jabalini mpaka jua liwe juu, hawatatuona."

"Na bwawa?" aliuliza Sengondo. "Bila bwawa maji yatapita na kumwagika kilimani."

Hapo Nakiete alimtazama mumewe. Semkunde alikuwa ameshaelewa. Ndiva haiwezi kujengwa kwa mawe ya mviringo, hayo huvuja. Yanatakiwa mawe yale yale bapa, yaliyochongwa kwa ajili yake. Nayo yote yalikuwa ukutani, upande wa mbele, hatua ishirini na tano za ukuta mzuri kuliko wote, mbele ya macho ya mikuki mia sita.

"Kwa nini uliyaweka mbele?" Mfumwa aliuliza kwa upole.

"Ili Mrutu ayaone," alisema Semkunde, akainamisha kichwa.

Katika Ikombo, jiwe la ukuta haliondolewi na mkono mwingine kabla ya mkono ulioliweka, maadamu mwenye mkono yu hai. Mfumwa mwenyewe hakuwa na ruhusa. Kwa hiyo Sengondo hakuamuru. Alisema tu, "Fundi, neno ni lako," akaondoka ili asimwone mtu mzima akihangaika.

Semkunde aliketi mbele ya ukuta wake. Aliona aibu, na aliogopa, na zaidi ya yote aliupenda ukuta ule kama mtoto aliyemzaa uzeeni. Nakiete alikuja akaketi karibu naye.

"Nikiubomoa wakashambulia kabla maji hayajafika, watu watasema ni mimi niliyewafungulia adui," alisema Semkunde.

"Watasema."

"Na usipofika huo mfereji wako?"

"Utafika."

"Unajuaje?"

"Kata haijanidanganya miaka thelathini. Wewe umenidanganya mara mbili." Kisha akamshika mkono. "Ni mzuri, baba Kabonde. Nilipouona siku ile nilitaka kukwambia, nikaona utavimba kichwa usipite langoni. Sijawahi kuona ukuta mzuri kama huu."

Semkunde alifuta macho kwa kiganja, akainuka, akaweka tumbaku juu ya ukuta. Kisha akalitoa jiwe la kwanza.

Siku tatu zilizofuata, Ikombo ilifanya kazi kwa midomo mikavu na mioyo mepesi kuliko ilivyopaswa. Kila asubuhi ukungu ulipolifunika jabali, Nakiete na watu arobaini walitambaa mgongoni mwa mwamba wakiwa na majembe, wakiufukua mfereji wa Wenyewe. Ulikuwepo wote, mwerevu, ukifuata jabali kwa kupindapinda, na kila mahali ulipokata kona Nakiete aliwasifu wafu kwa sauti: "Hapa mlifikiri! Hapa mlifikiri vizuri!" Palipomomoka padogo walipaziba kwa udongo. Palipomomoka pakubwa palikuwa mahali pamoja tu, korongo lenye upana wa hatua saba, na hapakuwa na gogo la kufika ng'ambo.

Ila lilikuwepo moja.

"Hapana," alisema Kibacha.

"Mzee wangu," alisema Nakiete, "ni hatua nane, limechongwa ndani, halivuji."

"Hori hili lilipikiwa pombe ya kumtawaza babu yake Mfumwa!"

"Na litampitishia maji mjukuu wake."

"Maji!" alisema Kibacha, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Lakini alikuwa amekunywa vijiko viwili tu tangu asubuhi, na wajukuu zake sita walikuwa wamelala kivulini kimya, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya tangu wazaliwe. Aliwatazama. "Lichukueni," alisema. "Lakini nalibeba na mimi." Akalibeba kweli, akiwa wa ishirini na moja, akigombeza kila aliyejikwaa.

Ngomeni, Semkunde alihamisha mawe kutoka ukutani hadi kwenye ndiva, akiyapanga tena kwenye msingi wake wa zamani. Kila jiwe lilirudi mahali pake kama mtu anayeijua nyumba yao. Pengo la ukuta lilipozidi kukua, akina mama walisimamisha mikeka yao ya kulalia juu ya nguzo, wakaikandika tope na majivu, na Semkunde mwenyewe, hakuweza kujizuia, alichora mistari ya mawe kwa mkaa. Kwa mbali, kutoka bondeni, ulikuwa ukuta. Alitoka nje kuutazama, akarudi akasema kwamba upande wa kushoto mistari haikunyooka, akairudia.

Asubuhi ya siku ya saba, mitungi ilipokuwa imebaki mitatu, watu waliokaa kuzunguka ndiva walisikia sauti ya majani yakisukumwa. Kisha ulimi mwembamba wa maji, mweusi kwa takataka, ukatokeza mdomoni mwa mfereji, ukasita kidogo, ukaanguka ndani. Hakuna aliyepiga kelele, maana Nakiete alikuwa amewakataza. Walishikana mikono wakarukaruka kimya, watu mia tatu, wakilia na kucheka bila sauti. Kibacha alipewa kata ya kwanza kwa heshima ya hori lake. Alionja, akafumba macho.

"Yana harufu ya pombe," alisema. "Nilijua. Nilijua halikukauka."

Wazee wote wakaomba waonje kabla harufu haijaisha.

Bondeni, mto ulianza kupungua. Adhuhuri ulikuwa mkondo wa kuvukwa na sisimizi, alasiri ulikuwa mchanga. Mrutu alituma watu wawili wafuate mto kwenda juu. Walirudi na vumbi miguuni.

"Umekauka mpaka chini ya jabali, Mfumwa. Juu ni ukungu mtupu. Watu wanasema Wenyewe wameamka wakaunywa."

Mrutu hakuwa mtu wa kuamini upesi, na angekaa siku nyingine kufikiri, kama si mbuzi. Ikombo ilikuwa imehesabu kila kitu, mawe, mikeka, mitungi, ukungu, lakini haikuwahesabu mbuzi, kwa kuwa hakuna aliyewahi. Jioni hiyo, jua likiwa bado kubwa, beberu mmoja mwenye ndevu aliisikia harufu ya ukindu chini ya tope. Mlinzi wa Kirore aliyekuwa akitazama kilima aliona kitu kilichomfanya aangushe ngao. Kichwa cha mbuzi kilitokeza katikati ya ukuta wa mawe, kikatafuna, kikatazama bonde, kikaendelea kutafuna.

"Mfumwa," mlinzi alisema akihema, "mbuzi wa Ikombo wanakula mawe."

Mrutu alikwenda akatazama mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu aje alicheka. "Si mawe," alisema. "Ni mikeka. Kesho tunapanda."

Lakini kesho ile iliwakuta hawakunywa tangu mchana wa jana, na walikuwa wamekula nyama kavu yenye chumvi, iliyoporwa kwa wachuuzi wa Ikombo wenyewe. Walipanda kilima jua likichoma, ngao nzito, ndimi zimeganda. Walipofika mbele ya ukuta hapakuwa tena na cha kuvunja. Sengondo, alipoona siri imekwisha tafunwa na mbuzi, alikuwa ameamuru mikeka iondolewe. Pengo lilikuwa wazi, hatua ishirini na tano, na katikati yake alisimama Semkunde, hana mkuki, mikono imekunjwa kifuani. Nyuma yake wapiganaji wa Ikombo walikuwa na pinde zimevutwa. Na nyuma yao, likimetameta juani, lilikuwa bwawa la duara lililojaa pomoni, maji yakifurika ukingoni na kumwagika ovyo kwenye nyasi.

Mia sita walisimama. Sauti ya maji yale ilisikika wazi.

Nakiete alitoka akampita mumewe, kata mkononi imejaa. Aliwatazama watu wa mbele mmoja mmoja, akamchagua kijana aliyekuwa akiyumba.

"Mwanangu," alisema, "karibu maji."

Kijana aliitazama kata. Kila mtu pale alijua maana yake. "Nikinywa, mama," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "mkuki wangu umefungwa."

"Ndiyo."

"Mpaka mavuno."

"Na mavuno bado mbali. Hivi ni vizuri, utapumzika."

Mtu mmoja alicheka nyuma, kicheko kikavu. Kijana alimgeukia Mrutu, akaona uso wa bwana wake, akageuka tena akaweka mkuki chini. Alikunywa mpaka kata ikalia. Wa pili akaweka wake. Kisha wanawake wa Ikombo wakatoka na vibuyu, na mikuki ikaanguka kwenye nyasi, mmoja, kumi, hamsini, mpaka haikuhesabika. Kibacha alipita katikati yao akiwaonya wanywe taratibu na kuwasimulia habari za hori.

Mrutu alibaki amesimama peke yake na mkuki wake mpaka jua likafika utosini. Hakuna aliyemdhihaki. Sengondo aliketi juu ya jiwe hapo karibu, akamngoja, akasema tu, "Mzee mwenzangu, maji hayana haraka." Mwishowe Mrutu alinyoosha mkono. Aliyempa ni Sengondo mwenyewe, kwa mikono miwili, na Mrutu alipomaliza alipangusa ndevu akauliza, "Ni nani aliyejenga huu mfereji?"

"Wenyewe," alijibu Sengondo.

"Na ukuta?"

Semkunde alisogea. "Ulikuwa mzuri zaidi," alisema, "juma lililopita."

Kabla mavuno hayajafika walikuwa wameshaketi na kuelewana. Maji yangeingia ndiva siku tatu, na siku tatu yangeachwa yateremke mtoni kwa Kirore. Ya saba ilikuwa ya soko, hapo hapo kilimani, chumvi, majembe na shanga, watu wote wakipitia kwenye lile pengo. Mavuno yalipopita, mikuki ikafunguka kwa desturi, ila kila mwenye mkuki alikuwa na zamu ya maji kesho yake, na watu wenye zamu hawapigani. Mwaka ulipogeuka, siku ya kufungua mfereji, Kibacha alimimina pombe kwanza ndani ya hori lake lililolala juu ya korongo, ili maji ya mwanzo yafike na harufu. Alipokufa, wengine waliendelea.

Majina ya Mrutu na Sengondo yaliyeyuka baadaye, kama yanavyoyeyuka majina ya wakubwa. Beberu alikumbukwa zaidi: mahali pale paliitwa Pengo la Mbuzi vizazi na vizazi. Ukuta haukuzibwa. Mfumwa alimwambia Semkunde mara tatu aufunge, na mara tatu Semkunde alisema mawe hayatoshi, ingawa mlima mzima ulikuwa mawe.

Miaka mingi baadaye, meno yamewaisha wote wawili, Semkunde na Nakiete walikuwa na tabia ya kupanda siku ya soko na kuketi pale penye pengo, watu wakiingia na kutoka na vikapu vyao.

"Nafikiri," Semkunde alisema siku moja, "na sisi tutasahauliwa. Watakuja watu wengine, watayakuta mawe yangu, hawatajua ni ya nani. Watasimama hapa waseme: hili lilikuwa zizi."

Nakiete alimtazama mwanamke mmoja wa Kirore aliyepita na mtungi kichwani, maji yakimmwagikia begani naye akicheka.

"Waseme," alijibu. "Angalau hili lina mlango."